Pima Ukingo Kwanza, Ndipo Ununue Ufito

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Keroka

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watacheka wakilisikia: urefu wa ufito wa kuvulia samaki. Mtauliza, "Ufito ni ufito tu, kuna nini cha kuhutubia?" Sisi pia tulifikiri hivyo hivyo. Ndiyo maana tulipoteza pesa za watu. Leo tutawaeleza tulivyozipoteza na tuliyojifunza, ili nanyi msilipe karo katika shule ile ile tuliyosomea sisi.

YALIYOTUPATA

Mnakumbuka mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki. Vilikuwa vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi mita za mraba 300, na vifaranga 1,000 wa kuanzia. Huku kwetu vingine viliota nyasi baadaye, si siri. Lakini kikundi kimoja cha hapa karibu hakikuacha vyake. Kiliendelea kulisha, kuvua na kuuza, hata kikawa na vidimbwi vitatu.

Miaka michache iliyopita wanakikundi hao walitujia ofisini na wazo zuri. Walisema: "Walimu na wafanyabiashara wa Keroka, Kisii na Nyamira hawana mahali pa kupumzika Jumamosi. Waje kwetu wavue wenyewe, walipe kiingilio kidogo, kisha walipe kwa kilo samaki waliowapata." Kijana mmoja wao alikuwa amefanya kazi upande wa Kericho, akaona wageni wakivua kwa ufito mwembamba na nzi wa bandia. Nzi huyo ni ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ya ndege ili samaki adhani ni mdudu. Hakuna kuchimba minyoo, na ndoana moja hukaa siku nyingi. Tukalipenda wazo.

Sasa ikaja kununua. Pesa zilikuwa za mchango wa miezi minane. Sisi wa ofisi tukasema, "Tuachieni, tutauliza." Tukampigia simu muuzaji mmoja mjini. Akatujibu bila kusita: "Chukueni za futi 10. Hizo ndizo zinazofika mbali." Nasi tukaitikia, ndiyo, kirefu ni bora. Tukanunua sita.

Jumamosi ya kwanza wageni wakaja, soda zikanunuliwa, watoto wakajaa. Kumbe nyuma ya kidimbwi cha kwanza kuna mstari wa migravilea, cha pili kimezungukwa na nepia iliyomzidi mtu kimo, na cha tatu kiko wazi upande mmoja tu. Mgeni akirusha mshipi nyuma ili autupe mbele, ndoana inashika mti. Akivuta kwa nguvu, ncha ya ufito inakatika. Kabla ya saa sita fito mbili zilikuwa zimevunjika. Mtoto mmoja aliyesimama nyuma akanaswa na ndoana kwenye sikio. Tunashukuru haikuwa jicho.

Jioni tukahesabu: samaki wawili, fito mbili mbovu, na mtoto mmoja aliyepelekwa zahanati. Mama mweka hazina hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Kabla ya kununua, ni nani alikwenda kusimama pale ukingoni akapima?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyepima. Sisi tulipima bei na maneno ya muuzaji. Ukingo hatukuupima.

Kwa kuwa ushauri ulikuwa wetu, ofisi ililipa sehemu ya hasara. Fito mbili tuliziuza kwa bei ya kutupa. Mbili zilizobaki bado zinatumika pale penye uwazi kwenye kidimbwi cha tatu. Wageni wanakuja tena siku hizi, polepole, lakini imani ya wanachama ilichukua muda mrefu kurudi kuliko pesa. Majuto ni mjukuu, tulikuwa tunalisema tu. Siku hiyo tulimwona kwa macho.

FITO HIZI ZILITOKA WAPI

Kuvua kwa nzi wa bandia si jambo la jana. Mwandishi mmoja wa zamani aitwaye Aelian, aliyeishi Roma karibu miaka 1,800 iliyopita, aliandika juu ya watu wa Makedonia waliofunga sufi nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana. Alisema ufito wao na mshipi wao vilikuwa na urefu sawa. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Huku kwetu Kenya uvuvi huu uliingia na samaki aitwaye trauti. Huyu si mwenyeji. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland, wakawekwa katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Baadaye walienezwa katika mito mingine ya maji baridi. Upande wetu huu, ukishapita Sotik kuelekea Kericho, mto Kiptiget umejulikana kwa trauti. Maji yake, pamoja na ya Itare na Kipsonoi, huishia mto Sondu.

Kwa nini tunawaeleza haya? Kwa sababu vipimo mnavyoviona vimeandikwa kwenye fito za madukani vilifikiriwa kwa ajili ya maji ya namna fulani: mito ya Uingereza na Marekani, maziwa yenye mashua, kingo zilizo wazi. Aliyepanga kipimo hicho hajafika Keroka. Hajui kama nyuma yako kuna chai, ndizi, nepia au mkalatusi. Wewe ndiye unayejua.

UFITO MREFU HUFANYA NINI, NA HUDAI NINI

Tusiuseme vibaya ufito mrefu. Una kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa.

Kwanza, huinua mshipi juu ya maji. Mkisimama kando ya mto unaokwenda kasi, mkondo hushika mshipi na kuukokota, na nzi wenu hukokotwa nao. Mdudu wa kweli haendi hivyo. Samaki huona na hukataa. Mwenye ufito mrefu anaweza kunyoosha mkono, akaushikilia mshipi hewani, nzi akaelea taratibu.

Pili, huusaidia mshipi kwenda mbali, kwa sababu ncha hupita njia ndefu zaidi hewani. Tena husaidia kuuvusha mshipi juu ya majani mafupi yaliyo ukingoni.

Lakini ufito mrefu hudai malipo. La kwanza ni nafasi. Katika kuvua kwa nzi, mshipi hutupwa nyuma kwanza, unyooke, ndipo utupwe mbele. Ukitaka kufika mita 8 mbele, lazima uwe na karibu mita 8 nyuma pasipo mti wala mtu. Na ufito wenyewe unapoinuka unataka uwazi juu ya kichwa. Futi 10 ni zaidi ya mita 3. Ongeza kimo cha mkono wako, umefika kwenye matawi.

Malipo ya pili ni mkono. Chukueni jembe mlishike karibu na chuma, halafu mlishike mwisho wa mpini. Chuma ni kile kile, lakini mkono wa pili unachoka upesi. Ufito ni hivyo. Kila futi inayoongezwa huuweka uzito mbali zaidi na kifundo cha mkono. Samaki akivuta kwenye ncha ya ufito mrefu, anakuvuta wewe zaidi ya anavyomvuta mwenye ufito mfupi. Mtoto, au mtu mwenye mkono mdogo, ataushika kwa mikono miwili, na basi raha ya kuvua imekwisha.

Malipo ya tatu ni safari. Ufito wa futi 9 wa vipande viwili ukiufungua ni vipande vya futi 4 na nusu. Jaribuni kuingia navyo matatu iliyojaa. Ule wa vipande vinne ni karibu futi 2 na robo kila kipande, unaingia chini ya kiti. Kwa hiyo mkiuliza urefu, ulizeni pia ni vipande vingapi.

NAMBA MBILI MSIZICHANGANYE

Hapa watu wengi hudanganyika, nasi tulidanganyika. Juu ya mshiko wa ufito wa dukani huwa kumeandikwa namba mbili. Moja ni urefu kwa futi na inchi. Nyingine ni ya uzito wa mshipi unaofaa ufito huo, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 12 na zaidi.

Namba ya pili si urefu, wala si nguvu ya kujivunia. Ni kama namba ya tairi na gari: tairi isiyolingana na gari haifai hata ikiwa mpya. Ufito wa namba 5 hutaka mshipi wa namba 5. Kwa trauti na tilapia wa kidimbwi, namba 4 au 5 inatosha. Nne ni laini kwa samaki wadogo, tano huhimili upepo kidogo. Muuzaji akikuambia, "Hii ni namba 8, ni kubwa, ni nzuri," mwulizeni, "Nzuri kwa samaki gani?" Kuuliza si ujinga.

KIPIMO CHA UKINGO

Haya, sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Baada ya ile hasara, mzee mmoja wa kikundi, fundi wa nyumba, alikata mwanzi wa futi 10. Akaweka alama kwa kisu kwenye futi 6, 7, 8 na 9. Akazunguka vidimbwi vyote vitatu nao mkononi, sisi tukimfuata nyuma na daftari. Ilichukua saa mbili. Haikutugharimu hata shilingi. Njia yake ndiyo hii, na kila kikundi kinaweza kuifuata:

1. Wekeni vigingi mahali ambapo watu watasimama kweli. Si mahali panapopendeza kwenye picha. Pale penye ardhi ngumu, pasipoteleza, ambapo mtu anafika bila kukanyaga mazao ya jirani.

2. Kwenye kila kigingi, mtu ashike mwanzi kama anavyoshika ufito, kiwiko karibu na mbavu. Auinue kutoka mbele hadi usimame wima, kisha upite wima kidogo tu kwenda nyuma. Ukigusa tawi, apunguze: ashike kwenye alama ya futi 9, halafu 8, halafu 7, mpaka upite bila kugusa. Andikeni.

3. Mtu wa pili achukue kamba ya mita 6, aishike mwanzo wake penye kigingi, aivute moja kwa moja kwenda nyuma, juu ya kimo cha mtu. Ikinyooka bila kushika kitu, mahali hapo panafaa kurushia mshipi kwa njia ya kawaida. Isiponyooka, hapo ni pa ufito mfupi na mshipi mfupi, au pa kuvulia bila kurusha nyuma. Andikeni.

4. Tazameni juu. Kama kuna waya wa stima, kigingi hicho king'olewe. Tutasema sababu.

5. Mpeni mwanzi yule mwenye mkono mdogo kuliko wote watakaovua. Aushike dakika tano akiutikisa mbele na nyuma. Akilalamika, mmepata jibu.

6. Sasa hesabuni. Kama vigingi vingi vimekubali futi 8, nunueni futi 8, hata kama kimoja kimekubali 10. Ufito hununuliwa kwa ajili ya mahali pengi, si kwa ajili ya mahali pamoja pazuri.

Bei iwe swali la saba. Sisi tulilifanya la kwanza.

Jambo jingine tulilogundua siku ile lilituaibisha zaidi. Kidimbwi cha mita za mraba 300, wacha tuseme mita 15 kwa 20, si ziwa. Ufito wa futi 9 ni karibu mita 2.7. Fungeni mshipi wenye urefu huo huo, mnafika mita 5 na zaidi kutoka ukingoni. Watu wakisimama pande zote mbili, sehemu kubwa ya maji imefikiwa. Na samaki aliyezoea kulishwa huja mwenyewe ukingoni. Ile "inafika mbali" tuliyoilipia, tulikuwa hatuna mbali pa kufika.

UREFU GANI, WAPI

Mkitaka mwongozo wa jumla, huu hapa. Si sheria, kipimo chenu cha ukingo ndicho kikubwa.

Kijito chembamba chenye vichaka, kama vile vinavyoteremka mabondeni kwetu kwenda mto Gucha: futi 6 hadi 7 na nusu. Ufito mfupi hupita chini ya matawi.

Kidimbwi cha samaki chenye miti upande mmoja au miwili: futi 7 na nusu hadi 8 na nusu.

Kidimbwi kilicho wazi, au mto wa kadiri ulio wazi kama mingine ya upande wa Kericho: futi 8 na nusu hadi 9. Duniani kote futi 9 ndiyo inayouzwa zaidi, na hapa ndipo mahali pake.

Bwawa kubwa, au kuvua ukiwa umeketi ndani ya mashua: futi 9 na nusu hadi 10. Aliyeketi yuko karibu na maji, kwa hiyo urefu humsaidia kuuinua mshipi.

Kikundi kikiwa na pesa za ufito mmoja tu, na maji yake ni ya aina mbalimbali, futi 8 na nusu haitakosea sana popote.

Tena tuseme ukweli: kama shabaha yenu ni kuvuna kidimbwi chote mpeleke sokoni, ufito si chombo chenu, mrefu wala mfupi. Tumieni wavu. Ufito ni wa mgeni anayelipia kupumzika, au wa kutoa samaki wawili watatu wa mboga ya jioni. Na kambare hula zaidi chini kwenye matope, kwa hiyo nzi wa juu ya maji atamwona mara chache. Tilapia aliyezoea chakula kinachoelea humrukia nzi mdogo wa rangi ya chakula hicho. Msimwahidi mgeni asichoweza kukipata.

Wanaotaka kuvua mtoni wapite kwanza ofisi ya uvuvi ya kaunti waulize juu ya leseni. Tuna Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na kutoijua hakumwokoi mtu.

MWANZI WETU WENYEWE

Wengine mnasema moyoni, "Fito za dukani ni ghali." Kweli. Sasa turudi kwa wale watu wa Makedonia: ufito na mshipi urefu sawa. Japani mpaka leo kuna uvuvi wa namna hiyo katika vijito vya milimani. Hakuna rili ya kuzungushia mshipi. Mshipi hufungwa kwenye ncha ya ufito, basi. Na fito zao kwa kawaida ni ndefu, futi 11 hadi 13, ingawa kijito ni kidogo. Kwa nini? Kwa sababu mshipi ni mfupi, haurushwi mbali nyuma, na urefu wa ufito ndio unaomfikisha mvuvi. Lakini angalieni: inawezekana pale tu ambapo juu kuna uwazi. Kwa hiyo hata hapo ni ukingo unaoamua.

Mwanzi unaota huku kwetu. Kateni uliokomaa, wa miaka mitatu na zaidi, mwembamba na ulionyooka. Ukausheni kivulini wiki kadhaa, ukiwa umefungwa mahali ili usipinde. Juani utapasuka. Fungeni kitanzi cha uzi imara kwenye ncha, kisha mshipi wenye urefu sawa na mwanzi au pungufu kidogo, mwisho wake uzi mwembamba na nzi. Mwanzi ni mzito kuliko ufito wa dukani, kwa hiyo msivuke futi 9, na kwa watoto futi 6 au 7 inatosha.

Kikundi chetu kile leo kina mianzi minane na fito nne za dukani za futi 7 na nusu. Wageni wengi huchagua mwanzi. Ukivunjika, mwingine uko nyuma ya nyumba.

Na jambo hili mlishike: msikate miti ya kando ya mto ili ufito wenu upate nafasi. Kuna vijana walipendekeza hivyo. Miti hiyo inashika udongo wa mteremko. Ikiondoka, mvua ya masika moja inaleta matope ndani ya maji, na samaki mliyemtafutia nafasi hatakuwapo. Ufito ndio unaobadilishwa ufae ukingo. Ukingo haubadilishwi ufae ufito.

RADI NA NYAYA

Hapa tunaomba hata wanaosinzia waamke.

Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi. Kila mmoja wenu anajua boma ambalo limepoteza mtu au ng'ombe. Mvua yetu hupenda kuja mchana baada ya asubuhi yenye jua kali, yaani wakati ule ule ambao wageni wa Jumamosi wamepata moto wa kuvua.

Fito nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa kaboni. Ni nyepesi na nzuri, lakini kaboni hupitisha umeme kama waya. Mtu aliyesimama kando ya maji, mahali pa wazi, akiinua kaboni ya futi 10 juu ya kichwa, amejifanya yeye ndiye mti mrefu kuliko yote. Mwanzi uliolowa pia usiuamini, na ule wa faiba vilevile.

Kwa hiyo kanuni za kikundi ziwe hizi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ya mbali, fito zote zinalazwa chini na watu wote wanaingia ndani ya nyumba. Si chini ya mti, si chini ya kibanda cha nyasi. Hakuna kurudi majini mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Mgeni akisema amelipa na hatoki, mrudishieni pesa zake. Pesa hurudi.

Na nyaya za stima: siku hizi zimefika vijijini mwetu, jambo jema, lakini zinapita juu ya mashamba na vidimbwi. Umeme mkubwa unaweza kuruka kabla ufito haujagusa waya. Kaeni mita 30 au zaidi kutoka waya wowote unaopita juu. Mkitembea na ufito kutoka kidimbwi hadi kidimbwi, ubebeni umelala, au muufungue. Tulipopima na yule mzee, tuling'oa vigingi viwili kwa sababu hii. Zile Jumamosi za mwanzo wageni walikuwa wamesimama hapo hapo na futi 10 za kaboni mikononi. Usiku ule wengine wetu hatukulala.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu, hatukuja kuwafundisha kuogopa miradi mipya. Wazo la kikundi kile lilikuwa zuri, na bado ni zuri. Kosa lilikuwa letu, sisi wenye ofisi na simu, tuliodhani kwamba kujua jina la kitu ni kukijua kitu chenyewe. Jibu lilikuwa ukingoni siku zote, likingoja mtu aje na mwanzi wenye alama.

Kesho mtaambiwa mnunue pampu, au ng'ombe wa gredi, au mashine ya kusaga. Mtaambiwa kubwa ndiyo bora. Kabla ya kutoa pesa ambazo mama fulani aliuza ndizi Keroka ili azichange, nendeni mkasimame mahali ambapo kitu hicho kitafanya kazi. Na mwanachama akiuliza, "Ni nani alipima?", msimkasirikie. Mpeni daftari asome.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, tumewahi kununua kitu kwa pesa za kikundi ambacho hakikufaa mahali petu? Ni nani angeweza kutuambia mapema, na kwa nini hakuulizwa?

2. Kwenye kidimbwi au kijito chetu, vigingi tungeweka wapi? Kuna miti gani nyuma, na kuna waya wowote juu?

3. Ngurumo ikisikika wageni wakiwa ukingoni, ni nani kati yetu mwenye amri ya kuwatoa wote? Ataje jina lake mbele ya kikundi.

4. Mwanachama mwenye mkono mdogo kuliko wote amepewa nafasi ya kushika na kujaribu kabla hatujanunua?